Nusu ya Mdomo

Kliniki yetu ya meno iko Salala, upande wa Dahariz,
kati ya duka la ubani na fundi wa viyoyozi,
na siri nisiyowaambia wagonjwa ni hii:
friji ya dawa haina dawa nyingi.

Alhamisi ndiyo siku yake.
Biju huleta puttu, mchele na nazi
vilivyoiva kwa mvuke ndani ya bomba,
ikitoka nzima, nyeupe, kama chaki ya mwalimu mkuu.
Daktari Tuful huleta maajini kutoka kwao milimani,
nyama iliyokaushwa ikazamishwa katika mafuta yake.
Hudumu mwaka, anasema.
Kwetu haijawahi kufika adhuhuri.
Mimi huleta visheti,
na visingizio vya kwa nini vimevunjika.

Kisha akaajiriwa Marivic, Mfilipino,
aliyesafisha meno ya watu Hawaii miaka tisa,
katika mji unaoitwa Hilo.
Hilo lipi? nikauliza kwa Kiswahili,
nikacheka peke yangu, wenzangu wakinitazama.
Ikabidi nimpigie mama simu Maskati.
"Hilo nalo neno," akasema,
tukacheka mpaka salio likaisha.

Marivic akafunua trei.
Vipande vya mraba, vyeupe pe,
vikitetemeka kidogo
kama watu wanaongoja kuitwa majina kwenye viti vyetu.
Mimi nikadhani sabuni.
Biju akadhani jibini.
Daktari akasema vinafanana na fizi zilizoishiwa damu,
daktari ni daktari tu.

"Haupia," akasema Marivic.
Masikioni mwangu hicho ni kitenzi kinachokanusha:
haukui, haukauki, haupia.
Nikangoja aniambie ni mti gani.

Nikauma. Hapakuwa na cha kuuma.
Ubaridi, kisha utamu usio na haraka,
kisha tui.
Tui la kwanza, lile zito,
halina wali wa kujificha nyuma yake
wala samaki wa kumsingizia.
Miaka yote nimekula naye meza moja,
siku hiyo ndipo tulipojuana.

Nazi alizinunua hapahapa, vibanda vya kando ya mashamba,
akabishana na muuzaji aliyetaka kumpa madafu.
Kuzikuna ndiko kulikomtesa.
Nikamwambia nyumbani nina mbuzi.
Nilitafsiri vibaya:
akaniuliza anakula nini.

Juma la pili akaja na kitu cha kahawia, kizito, chenye kunata.
"Kulolo," akasema. Majimbi yaliyokunwa, tui, sukari, jiko la taratibu.
Nikampigia mama.
Kimya kirefu.
"Majimbi kwa tui?
Hiyo si futari?
Nani amewapelekea?"
Nikamwambia bahari ile si yetu, mama, ni nyingine, kubwa zaidi.
"Hata," akasema. "Na iliki je?"
Hawatii.
"Basi hawajamaliza."

Nikamaliza mimi.
Usiku wa Jumatano nilikaa juu ya mbuzi, miguu imechanuka,
nikakuna, nikakamua, nikakoroga unga laini wa mahindi,
nikaponda iliki saba, ya nane ikaniponyoka chini ya jokofu,
iko huko mpaka leo.

Marivic akaonja. Akaweka kijiko chini.
"Hii si haupia."
Najua.
Akachukua kipande cha pili.

Saa tano akatoka chumba cha ndani Bakhit,
dereva wa lori la maji, gego limeng'olewa,
pamba shavuni, mdomo umeenda upande.
Nile nini? akauliza kwa mkono.
"Laini," akajibu Daktari Tuful. "Cha baridi. Kisichohitaji meno."
Akatutazama sote watatu,
sisi tukaitazama friji.

Alikula amesimama kaunta,
polepole, kwa upande mzima,
macho ameyafumba kama anayehesabu.
Akalipa. Akafika mlangoni. Akarudi.

"Imeonja nusu tu," akasema, maneno yakimteleza.
"Hii nyingine bado imelala.
Niwekeeni kipande,
ganzi ikiisha nitakuja kuiamsha."